Mwaka wa Jibu Moja

Kelvin alinipigia simu nikiwa dukani kwa Mghana mmoja, pale barabara kuu ya Thornton Heath, nimeinama kwenye friji natafuta samaki. "Mzee," alisema, kama mtu anayetafuta pa kuweka mguu. "Mama Riziki amefariki. Wako na matanga kwao nyumbani. Riziki amesema, kama unaweza, uje." Nilimuuliza kama Riziki amesema hivyo mwenyewe, kwa mdomo wake. "Mwenyewe, Mzee," akajibu. Niliacha samaki, nikatoka, nikakaa kwenye kituo cha basi ingawa kwangu ni mwendo wa miguu tu kutoka pale. Mabasi yalipita, mengine ya njia nilizoziendesha mimi mpaka nikastaafu, na madereva wakanitazama wakidhani nataka kupanda. Sikutaka kupanda. Nilikuwa najaribu kukumbuka sauti ya yule mama, na kila nilipoikaribia ilikuja sauti yangu badala yake.

Wengi wanaosimulia maisha yao huchagua mwaka wa ujana na kusema huo ndio uliowaumba. Ujana wangu haukuniumba sana, ulinipitia tu. Mwaka ulionifanya niwe huyu ninayeandika ulinikuta na mvi, nimestaafu, nina afya, na nina muda mwingi kuliko akili. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa Jumamosi kwa watoto wa Landani. Nasema mwalimu kwa sababu ndivyo walivyoniita, lakini elimu yangu iliishia kidato cha nne, Tanga, na katika masomo yote niliyoyafanya ni Kiswahili peke yake nilichofaulu vizuri. Nilikibeba kile kufaulu miaka yote nikishika usukani. Abiria walinitukana, wakubwa wa kazi walinisemesha kama mtoto, na mimi nikajiambia kimoyomoyo kwamba kipo kitu kimoja duniani ninachokijua kwa usahihi. Mtu mwenye kitu kimoja tu hukilinda vibaya. Hilo nalijua leo.

Darasa letu lilikuwa katika ukumbi wa kanisa tuliokodishiwa asubuhi. Ijumaa watu wengine waligawa chakula humo kwa wasiojiweza, kwa hiyo kila Jumamosi tulikuta harufu ya supu ya jana imechanganyika na dawa ya kusafishia sakafu. Madirisha yalikuwa juu mno, unaona mawingu tu. Meza zilikuwa za kukunjwa miguu, na moja ilikuwa na mguu mfupi, tukauwekea kipande cha boksi. Watoto waliletwa na mama zao wakiwa bado na usingizi machoni, wakakaa na makoti yao. Nikisema, "Habari za asubuhi?" wananielewa vizuri sana na kunijibu kwa Kiingereza. Nikiwaambia wajibu kwa Kiswahili, wanatazamana na kucheka. Kila muhula walipungua. Mama Shani, mwanamke wa Unguja aliyekuwa anasimamia jiko na chai, alikuwa akiwahesabu kwa macho tu na kuniambia, "Mwalimu, mwakani utamfundisha nani, viti?"

Ndipo alipokuja Kelvin na vishikwambi. Kelvin ni Mkenya wa Nakuru, alikuwa akifanya kazi ya kompyuta ofisini mjini, na mtoto wake alikuwa darasani kwetu. Shirika moja la hisani lilitupatia vile vifaa, naye akatutengenezea programu yake. Teknolojia ile ina jina refu la Kiingereza, nami nililikataa siku ya kwanza, nikaiita picha za mezani, na watoto wote wakaiita hivyo. Unaelekeza kishikwambi kwenye meza tupu, na kwenye kioo unaiona meza ile ile, yenye mikwaruzo yake na mguu wake wenye boksi, lakini juu yake kimesimama kitu ambacho hakipo. Sufuria inatoa mvuke. Jogoo anatembea. Mtoto anaweza kuizunguka meza na kukiona kitu hicho mgongoni. Akikitaja sawasawa, jina lake linang'aa kijani hewani. Akikosea, jina linakuwa jekundu na kitu kinafifia mpaka kinatoweka.

Kelvin aliketi nami jikoni ili tuingize maneno. Mama Shani alikuwa anakanda unga wa maandazi pembeni yetu.

"Mzee, kwa kila kitu naweka jibu gani?"

"Jibu lake."

"Ndio, lakini watu wanasema tofauti. Mimi kwetu nasema vingine, Mama Shani hapa vingine. Hii kitu inaweza kubali majibu mingi. Ni wewe tu useme."

"Majibu mengi," nilimsahihisha.

Akacheka. "Haya, mengi. Niweke mengi?"

"Weka moja. Mtoto akipewa njia tano atapotea. Tunafundisha Kiswahili hapa, hatufundishi cha uchochoro wa kila mtu."

"Usimsikilize," Mama Shani alisema bila kuinua kichwa. "Yeye kwao Tanga hata kupiga chafya wanapiga kwa sarufi."

"Na sauti ya mwalimu, ile ya kurekebisha, itakuwa ya nani?" Kelvin aliuliza.

"Yangu," nikasema.

Kelvin alinitazama kidogo, akaandika. Alikuwa mtoto wa watu mwenye adabu, hakubishana na mzee. Mara nyingi najiuliza ingekuwaje kama angebishana. Ni swali la mwoga, kwa sababu linamtwisha yeye mzigo ambao niliubeba kwa mikono yangu miwili, nikiwa na furaha. Kifaa hakikuwa na kosa. Kingeweza kumkubali kila mtu. Ni mimi niliyekiambia kisikubali.

Na mwanzoni kilifanya kazi, lazima niseme. Watoto ambao hawakuwahi kufungua kinywa walipigana vikumbo kumwita jogoo. "Jogoo! Jogoo!" mpaka padri akaja kuchungulia mlangoni. Walivua makoti. Walikuja mapema. Wazazi walisimuliana, na wakati wa vuli ukumbi ulijaa tena. Nilijiona nimeokoa kitu. Nilitembea nyuma ya viti nikisikia sauti yangu ikitoka katika vishikwambi vyote, "Vizuri sana," "Jaribu tena," mimi mmoja nikiwa kila mahali.

Riziki aliletwa katika wimbi hilo. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, na nywele zake zimesukwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Mama yake alitoka Bukavu. Walikuwa wamepita kambini kabla ya kufika huku, na baba hakutajwa, nami sikuuliza. Mama alikuwa anasafisha maofisi usiku, na Jumamosi alikuja moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu, kitenge kimefungwa vizuri juu ya sare. "Jambo sana, Mwalimu," alisema. "Nimeleta mutoto. Anajua kusema, hajue kuandika." Na mtoto naye akasema, "Jambo, Mwalimu." Hakusema shikamoo. Kwao hawaisemi, wana heshima yao nyingine, ya kuinamisha kichwa na kushika kiwiko, na ndivyo alivyofanya. Mimi niliona tu kwamba shikamoo haikuja. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba mzee hasalimiwi jambo.

Sasa sikilizeni. Katika ukumbi mzima, mtoto pekee aliyekuwa na Kiswahili kinywani mwake, aliyekiota usingizini, aliyegombana nacho na kuombea nacho, alikuwa Riziki. Wale wengine walikuwa na maneno, tena ya moja moja. Jumamosi ya kwanza nilimpa kishikwambi, sufuria ikasimama mezani. Hakuitaja tu kama wenzake. Aliizunguka meza polepole, akaitazama ndani, akaanza kusimulia.

"Hii njo nyungu. Mama alikuwa nayo. Siku tulikimbia, aliiacha ku moto, na maharagi ilikuwa ndani, na miye nikalia juu ya maharagi, na mama akasema..."

Jina likawa jekundu. Sufuria ikafifia, ikaondoka. Alikatisha maneno katikati, akashusha kishikwambi, akaitazama meza tupu, kisha akainama kutazama chini yake.

"Imeenda wapi?"

"Umekosea," nilimwambia. "Sema, hii ni sufuria."

"Hii ni sufuria."

Ikarudi na mvuke wake, kijani kibichi juu. Wenzake wakampigia makofi, nami nikampa biskuti. Nilikwenda nyumbani siku ile nikijisifu kwamba yule mtoto wa Kongo anajifunza haraka. Mama yake alisema nini mbele ya ule moto, sijui mpaka leo. Sikumuuliza. Mtoto alitaka kuniambia, nikamnyamazisha kwa biskuti.

Baada ya darasa tulikula pamoja. Kila mama alileta chochote, maandazi, chapati, wali wa nazi katika sufuria iliyofungwa kwa taulo isipoe kwenye basi. Mama Riziki alileta sombe, kisamvu cha kwao, chenye mawese na samaki mkavu, na mara ya kwanza wazazi waliinusa kwa mbali, ya pili walipigania. Alikuwa anacheka kwa sauti kubwa siku hizo za mwanzo. Alimwita Mama Shani "dada," na alisimulia mambo ya kazini, jinsi mkubwa fulani wa ofisi anavyoacha viatu chini ya meza na yeye humwekea vimetazamana kama wachumba. Watu walicheka, na wakati mwingine walicheka kabla hajafika kwenye mzaha. Siku moja nilikuwa mlangoni pa jiko na kikombe changu, nikamsikia mama mmoja akimwambia Mama Shani, "Kile Kiswahili chao, shoga, kama redio imeshika stesheni mbili." Mama Shani akaangua kicheko, na mimi pia. Kisha nikaona kwamba anayeosha sahani kwenye sinki, ametupa mgongo, ni Mama Riziki. Maji yaliendelea kutiririka. Hakugeuka. Nilirudi ukumbini, nikajiambia hakusikia.

Kabla ya sikukuu ya Krismasi tulifanya siku ya wazazi. Kelvin alitutengenezea soko zima. Tuliunganisha meza, na ukielekeza kishikwambi unaona mafungu ya ndizi, nyanya, vitenge vinapepea, kuku ndani ya tenga. Mzazi na mtoto wake wanasogea pamoja, wanasema, "Naomba ndizi," na ndizi zinaingia kapuni. Basi. Wazazi wengi walifanya hivyo kwa aibu kidogo, kama watu wanaosema na mlango. Ilipofika zamu yake Mama Riziki alishika kishikwambi kwa mikono miwili, akafurahi mno. Nadhani kwa dakika ile alikuwa kwao. Akafanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu hufanya sokoni, akaanza kupatana bei.

"Mama, hii ndizi ni ya leo kweli? Hapana, imelala hii. Unipunguzie, miye niko muteja wako ya kila siku!"

Watu walicheka pamoja naye, kicheko kizuri. Ndizi zikafifia, zikatoweka.

"Muuzaji kakasirika!" Mama Shani akapaza sauti.

Mama Riziki akacheka zaidi, akageukia nyanya. "Haya, basi nyanya. Uniongezee moja juu ya mutoto." Nyanya zikaenda. Akageukia vitenge, vikaenda. Kuku akaenda na tenga lake. Baba mmoja Mkenya akasema, "Wueh, amefungisha soko!" na sasa kicheko kilikuwa kimegeuka, hakikuwa tena cha pamoja naye. Katikati ya maneno yake ikaja sauti yangu kutoka mle ndani, tulivu, ya mtu anayejua: "Jaribu tena." Na tena: "Jaribu tena." Riziki alikuwa ametazama sakafu. Akamvuta mama yake mkono, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Mama, acha. Unasema vibaya."

Mama aligeuka kwangu. "Mwalimu, nimekosa wapi?"

"Hiki kinaelewa Kiswahili tu, mama," nilimwambia.

"Na miye niko nasema nini?"

Kelvin alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa na nafasi pale, pana kama mlango wa kanisa, ya kusema ukweli, na neno lililoniponyoka ndilo limekuwa likinirudia usiku na mchana tangu hapo. Nilimgusa bega nikatabasamu. "Unajitahidi," nikasema. "Unajitahidi sana." Nilidhani nimemfanyia wema.

Baada ya watu kuondoka Kelvin alikunja meza nami. "Mzee, niifungue? Ni kazi ndogo tu. Ikubali ya Kongo, ikubali ya kila mtu." Nikamwambia, "Iache kwanza. Atazoea."

Mwezi wa kwanza, siku ya kazi, mtu aligonga mlango wangu. Nilikuwa na chumba kimoja na jiko, viti viwili, redio, na picha za mabasi nilizopewa nikistaafu. Mama Riziki alikuwa amesimama nje kwenye baridi na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti, hakuvua koti. Nilimpa chai, akaishika bila kuinywa. Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha gari lisilowaka, na kwa muda tulisikiliza hilo.

"Mutoto amekatala kusema na miye," alisema mwishowe. "Nikisema, anasema si vile. Nikisema tena, si vile. Sasa ananyamaza. Ananyamaza mezani, ananyamaza ku kitanda. Miye sina luga ingine, Mwalimu. Kifaransa ni ya masomo, kidogo tu. Hii njo nilimuzalia nayo." Akaweka chai chini. "Nifundishe na miye. Ile yako."

Mtu mwingine yeyote angelia. Mtu mwingine angemshika mkono, akaenda naye mpaka kwake, akamwambia yule mtoto: mama yako anakijua Kiswahili tangu tumboni mwa mama yake, na mzee huyu amekudanganya. Mimi nilifurahi. Nasema kama ilivyokuwa. Nilifurahi kwamba mtu mzima amekuja kukiri na kuomba afundishwe, nikamwambia, "Karibu sana, mama. Hujachelewa." Nilipofunua bakuli lake baadaye, nilikula sombe yote nikiwa nimesimama, na nikaiona tamu.

Akaja. Alikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa meza, mama mwenye umri wa heshima zake kati ya watoto wa miaka sita waliokuwa wakimcheka kwa siri. Riziki alihamia mwisho wa ukumbi, akatupa mgongo. Mama alielekeza kishikwambi kwenye sahani, kikombe, kiti, vitu alivyovijua kabla mimi sijamwona, na kila alipovitaja kwa namna yake vilimkimbia. Nakumbuka mgongo wake kuliko uso. Nilikuwa nimesimama nyuma yake siku moja wakati sauti yangu ilipotoka kwenye kifaa, "Jaribu tena," naye akainamisha kichwa na kusema, "Pardon, Mwalimu." Alikuwa anakiambia kifaa. Hakujua kama nipo pale. Aliiomba radhi sauti yangu kwa ajili ya lugha ya mama yake, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuona uzi uliotoka kwenye kola ya sare yake. Nikasogea kwa mtoto mwingine.

Alipoacha kuja, wakati wa masika, niliwaambia wazazi kwamba amechoka na kazi za usiku. Riziki aliendelea mpaka mwisho wa mwaka, na alikuwa wa kwanza. Vitu vyake vyote vilikuwa kijani. "Naomba ndizi." "Hii ni sufuria." Hakusimulia tena chochote. Walipogawa zawadi nilimpa mkono, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," kwa lafudhi yangu hasa, na wazazi wakapiga makofi. Muhula uliofuata shirika lilichukua vishikwambi vyake, watoto wakarudi kwenye mipira yao ya Jumamosi, na darasa likafa kama ambavyo lingekufa bila picha za mezani. Majuzi kijana mmoja alinisimamisha njiani. Alikuwa mwanafunzi wetu. Alinieleza kwa Kiingereza, akicheka, kwamba bado anamkumbuka yule jogoo wa mezani. Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa jogoo.

Wale wawili niliwaona mara moja tu baadaye. Nilikuwa kwenye basi kuelekea Croydon, nimekaa kiti cha nyuma, wao wakapanda na kuketi mbele yangu bila kuniona. Mama alikuwa anazungumza na mwanawe. Alikuwa anazungumza Kiingereza, cha maneno mawili matatu, alichookota kwenye korido za ofisi. Shule nzuri? Baridi? Umekula? Riziki alijibu ndiyo, hapana, ndiyo. Baada ya hapo maneno yakamwishia yule mama, na wakakaa hivyo, mabega yamegusana, wakitazama dirishani. Mwanamke aliyechekesha jiko zima kwa viatu vya bosi. Nilishuka vituo vingi kabla ya changu.

Kwa hiyo nilipofika kwenye matanga sikutegemea kupokelewa. Makochi yalikuwa yametolewa nje kwenye ujia, sebuleni kumepangwa viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, na jikoni wanawake wa Kikongo walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini huku wakigeuza bukari, ugali wa kwao. Kelvin alikuwepo, akanipisha kiti. Riziki alikuja mwenyewe. Ni binti sasa, mrefu kunizidi. Akanisalimia kama nilivyomfundisha, nami nikashindwa kuitikia. Aliketi karibu yangu, akaanza kunieleza kwa Kiingereza, polepole, bila hasira. Nilitamani hasira.

Alisema mama alipozidiwa hospitali, Kiingereza chake kilimwondoka chote. Daktari akatafuta mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Aliyepatikana alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti nzuri, aliyesema kama mimi. Alimuuliza mama anaumwa wapi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema kitu, na mkalimani akawaeleza wauguzi kwamba mgonjwa anasema, samahani, yeye hajui Kiswahili.

"Muuguzi akaniuliza, basi mama yako anaongea lugha gani?" Riziki alisema. "Sikujua nimjibu nini."

"Na wewe? Hukumsemesha?"

"Nilijaribu. Nilifungua mdomo." Alitazama mikono yake. "Nikaogopa kukosea."

Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona kwamba msamaha ungekuwa kazi nyingine ninayomtwika. Simu yake ikalia. Ilikuwa Bukavu, dada mkubwa wa marehemu, ambaye wanawake jikoni walimwita Mama Mukubwa. Riziki aliiweka simu kwenye goti lake, akafungua sauti. Yule mama alikuwa analia na kusema haraka, mtandao ukikatika na kurudi. Riziki alinigeukia. "Ninaelewa nusu," akasema. "Ndiyo maana nilimwambia Kelvin uje. Unaweza kunitafsiria?"

Nikasogeza kiti, nikainama juu ya ile simu. Mama Mukubwa aliuliza kama ndugu yake aliteseka. Aliuliza nani alikuwa naye. Aliuliza, mwisho kabisa, ameachia mtoto neno gani. Niliyageuza yote kuwa Kiingereza. Riziki akasema nimwambie kwamba mama hakusema kitu. Nikayarudisha kwa Kiswahili changu, safi, kila neno mahali pake. Halafu yule mama akasema, kwa sauti iliyotulia sasa, ya mtu anayejaribu kutafuta la kushukuru katika siku kama ile:

"Ule baba anasema muzuri sana, kama mu redio. Njo yeye alikufundishaka?"

"Anasema nini?" Riziki akauliza.

Nikamwambia. Sikupunguza neno.

Alinitazama kwa muda, bila chuki, kama unavyomtazama mtu uliyemzoea. "Mwambie ndiyo," akasema.

Nikainama tena. "Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mimi."